Kipindi kihame, si mtangazaji tu
Makala yenu imeieleza vizuri Any Questions? ya BBC, kipindi cha redio ambacho wanasiasa huulizwa masuala na hadhira, ila mwandishi kashughulika mno na nani karithi kiti cha mtangazaji. Jonathan Dimbleby kakikalia tangu 1987 hadi 2019, akaja Chris Mason, kisha Alex Forsyth. Haya. Mimi kinachonivutia ni kuwa toka 1948 kipindi kinahama mji hadi mji, na wanasiasa hawaoneshwi masuala kabla. Huku kwetu mgeni huja studio akapakatwa na mtangazaji (wapo wachache wakali, nawavulia kofia). Hebu, watu wa redio zetu, kileteni cha namna hiyo Jaws Corner pale Mji Mkongwe, Unguja, au Micheweni kule Pemba, waziri aulizwe papo kwa papo habari ya maji na bei ya mchele, na wenye ndoo tupu wamemkodolea macho.