Alama Zilezile, Wastani Tofauti

Chuo Kikuu cha California hakiutumii wastani wa alama, yaani GPA, ulioandikwa kwenye ripoti ya shule, bali huukokotoa upya. Huhesabu masomo ya lazima, ambayo chuo hicho huyapanga katika makundi yenye herufi A hadi G, yaliyosomwa tangu kiangazi cha baada ya darasa la 9 hadi kiangazi cha baada ya darasa la 11, ambapo alama ya A ni pointi 4, B ni 3 na C ni 2, na A yenye alama ya kutoa huhesabiwa A kamili. Kisha huongezwa pointi moja kwa kila muhula wa kozi ya juu, isizidi mihula 8, na kati yake ya darasa la 10 isizidi 4. Mkazi wa California huipata nyongeza hiyo hata kwa kozi za juu za shule yake zilizoidhinishwa na chuo, ilhali mwombaji wa nje ya jimbo huipata kwa AP na IB (programu za kozi ngumu zenye mitihani inayotungwa nje ya shule) na kozi za ngazi ya chuo tu.

Utaratibu huo una hoja nzito. Kozi za shule za California chuo hicho huzikagua chenyewe, lakini hakiwezi kujua kila shule ya Ohio au Texas inapoita kozi "ya juu" inamaanisha nini. AP ina mtihani mmoja nchi nzima. Tena ni chuo cha umma, na wazazi wa California wanaokilipia kodi wana haki ya kuona watoto wao wakitangulizwa.

Hata hivyo, tupige hesabu. Mwanafunzi ana alama 20 za mihula: A 6, B 10 na C 4. Jumla ni pointi 62, wastani 3.1. Mihula 8 kati ya hiyo ni ya kozi za juu, lakini 2 tu ndiyo ya AP, kwa kuwa shule yake haifundishi nyingine. Angekuwa California, na kozi hizo zimeidhinishwa, angefikisha pointi 70, yaani 3.5, wakati kiwango cha chini kwa mkazi ni 3.0. Akiwa Ohio anabaki na 64, yaani 3.2, na kiwango anachodaiwa ni 3.4.

Hapo ndipo ninapoona kasoro. Kumwekea mgeni kizingiti cha juu ni upendeleo wa wazi, na ninaukubali. Kumpunguzia na kipimo ni kumtoza mara mbili. Kwa kipimo cha mkazi, mwanafunzi huyu angekivuka hata kizingiti cha 3.4. Ni kweli kwamba wasomaji wa maombi huangalia pia fursa zilizokuwapo shuleni kwake, na wachache hudahiliwa kwa msamaha, lakini tangu mitihani ya kuombea vyuo ya SAT na ACT iondolewe katika udahili, hana tena mtihani huo wa kuonyesha kwamba kozi zake zilikuwa ngumu kweli.