Vitisho vya serikali za nje: polisi wa California wafundwe?

Oktoba 2025 Gavana Gavin Newsom alikataa kutia saini muswada SB 509, uliokwisha pitishwa na Bunge la California. Haukuunda kosa jipya. Ulitaka polisi wafundishwe kutambua pale serikali ya nje inapomwandama mkazi wa jimbo: kumtisha, kumpeleleza au kuwabana jamaa zake waliobaki kwao.

Waliouunga mkono, wakiwemo Masingasinga wengi, wana hoja nzito. Chukua mtu anayepigiwa simu usiku: "Funga mdomo, mama yako bado yuko huku." Akifika kituoni, askari anaandika "katishiwa na mtu asiyejulikana," anampa namba ya jalada, basi. Njama kubwa, kama ile ya 2023 ya kumuua Gurpatwant Singh Pannun, mwanaharakati Singasinga anayetaka Punjab ijitenge na India, mjini New York, hufika mikononi mwa wapelelezi wa serikali kuu. Hizi za simu huishia kaunta.

Wapinzani, hasa Hindu American Foundation, shirika la kutetea Wahindu wa Marekani, walihofu kwamba Mhindu anayepinga tu harakati za Khalistan, yaani Punjab kujitenga na India, ataitwa wakala wa serikali ya India. Hofu hiyo ina mizizi. Mpango wa Wizara ya Sheria ya Marekani wa kusaka majasusi wa China, ulioanza 2018, ulifutwa 2022 baada ya kesi kadhaa za wasomi kuporomoka na jamii nzima ya wenye asili ya China kubaki ikitazamwa kwa jicho la pembeni.

Kwangu mimi dawa ni kubana tafsiri ya kisheria ya vitisho hivyo: polisi watazame tendo, yaani kutisha, kufuatilia, kuteka, na si msimamo wa mtu kuhusu siasa za alikotoka. (Hata hivyo sheria ya jimbo ina kikomo. Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, alikuwa mkazi wa San Antonio, Texas, lakini Agosti 2020 alirubuniwa akiwa Dubai, akapanda ndege akidhani inakwenda Burundi, ikatua Kigali.)

Sababu ya gavana ndiyo inayonipa shida. Alisema kuweka tafsiri ndani ya sheria kutalifunga jimbo mikono iwapo Washington itatoa ya kwake, na kwamba mafunzo yanaweza kupangwa kiutawala. Lakini sheria hurekebishwa kila mwaka. Na mafunzo yakiandaliwa kiutawala, maneno yaleyale yaliyowatia wapinzani hofu yataandikwa na maofisa, bila kikao cha kamati ambamo wangeweza kuyapinga hadharani.