Kebini Inakula Bodi

Mabati 24 ya mita 3 yalitoka dukani kwetu Makambako yakiwa yamenyooka. Yalipofika kwa mteja, kilomita 12 tu za barabara ya vumbi, yote yalikuwa yamekunjika katikati, mstari mmoja. Mzee mwenye nyumba aliyatazama, akapitisha kiganja kwenye ule mkunjo, akasema taratibu, "Kijana wangu, mimi nimelipia mabati mapya." Nilimwomba radhi. Vijana wakayarudisha garini, na kesho yake nikampelekea mengine kwa Canter ya kukodi, hasara juu yangu.

Gari lililobeba mabati yale lilikuwa Hilux dabo kebini, pikapu yenye safu mbili za viti, niliyoinunua mwaka 2019 ikiwa imeshatumika. Nililipenda sana. Lilikuwa na nguvu, injini nzima, na halikuwahi kunilaza njiani. Ila bodi lake, ile sehemu ya nyuma ya kupakia mzigo, lina urefu wa mita 1.5 na kidogo. Bati la mita 3 likilala humo, nusu yake iko hewani, na kila shimo la barabara linaitingisha ile nusu ya nje mpaka bati linakubali kukunjika pale linapoegemea ukingo wa mlango wa nyuma. Unaweza kufunga kamba utakavyo. Ukifunga sana, kamba yenyewe ndiyo inayolikunja.

Kila mara kuna mtu anakuja dukani, anajua nina pikapu, anauliza: nichukue singo (ya safu moja ya viti) au dabo? Na karibu wote wanaanza kuhesabu milango. Familia itakaa wapi, mvua ikinyesha itakuwaje, nikienda kumwona mkuu wa shule nitashukia gari gani. Maswali hayo yana haki yake. Lakini mtu anayenunua pikapu kwa kazi anapaswa kuanza nyuma, kwenye bodi, aje mbele polepole.

Watu wengi hawajui kwamba hizi gari zina urefu mmoja. Chukua Hilux ya umbo lililotoka mwaka 2015. Singo au dabo, gari zima lina kama mita 5.3, na kutoka ekseli (mhimili wa tairi) ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 3.1. Kiwanda hakikurefusha chasisi ili kuongeza viti. Kilisogeza ukuta wa kebini nyuma, basi. Singo ina bodi la kama mita 2.3. Ile ya katikati, yenye kebini na nusu, ina kama mita 1.8. Dabo inabaki na hiyo mita 1.5. Land Cruiser za mfululizo wa 79 ni vivyo hivyo: singo ilianza kutoka mwaka 1999, dabo ikaja mwaka 2012 juu ya umbali uleule wa ekseli. Kila kiti cha nyuma unachokiona kimekatwa kwenye bodi.

Sasa weka mzigo. Karatasi ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8, maana yake mita 1.22 kwa 2.44. Jipsamu bodi nazo huwa hivyohivyo. Kwenye singo ya mita 2.3 karatasi inachungulia nje kidogo tu, ukiacha mlango wa nyuma umelala imepata pa kuegemea mwanzo hadi mwisho. Kwenye dabo karibu mita nzima inaning'inia. Mbao za futi 12 zinasumbua zote mbili, lakini kwenye singo zaidi ya nusu ya mbao iko ndani, uzito unakaa garini. Nondo za mita 12 hata zikikunjwa mara mbili hazina pikapu ya kuzitosha. Hizo ni za Fuso, au fremu ya chuma juu ya kebini kama ni chache na safari ni fupi.

Urefu hata hivyo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine niliifundishwa na fundi wa springi, siku nilipompelekea ile dabo mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Hakunipa lawama. Alichukua ubao wa kupimia, akauweka juu ya tofali, akaniambia tofali ndiyo ekseli ya nyuma. "Mzigo wako unaupanga wapi?" Nikaenda kulitazama gari vizuri kwa mara ya kwanza. Kwenye singo, ekseli ya nyuma iko karibu na katikati ya bodi. Mifuko ya saruji ukiipanga, mingine iko mbele ya ekseli, mingine nyuma, uzito unashuka wima kwenye tairi. Kwenye dabo, ukuta wa kebini umekuja mpaka karibu na ekseli, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi iko nyuma yake. Mzigo wote unakalia mkia wa ubao, na upande wa pili, ambao ndio mbele ya gari, unanyanyuka.

Aliyeendesha dabo iliyojaa kwenye mlima anajua hali hiyo bila kufundishwa. Usukani unakuwa mwepesi isivyo kawaida. Taa zinatazama juu, madereva wanaokuja wanakuwashia na kukupigia honi, nawe unadhani wana hasira bure. Kwenye tope, na sisi huku Nyanda za Juu Kusini tope tunalijua, tairi za mbele zinateleza pembeni kwa sababu hakuna kinachozikandamiza. Na chini kabisa, chasisi inapinda kila siku kidogo pale kati ya kebini na bodi. Zipo zilizowahi kukunjika hapo. Ukiona dabo ya mtumba ambayo nafasi kati ya kebini na bodi ni pana juu kuliko chini, iache palepale hata kama bei inakuita.

Halafu kuna hesabu ya watu. Hizi pikapu uwezo wake ni kama tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo abiria. Watu 5 wa kilo 70 ni kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji. Mtu anajaza kebini, kisha anaagiza mifuko 20 kwa sababu ameambiwa gari linabeba tani, na hapo ameshapita uwezo wa gari kabla hajawasha injini.

Ndiyo maana naiheshimu kirikuu. Watu wanaichukulia kama kigari cha kubebea soda, lakini ipime kwa futi. Suzuki Carry ile ndogo ya Kijapani haizidi mita 3.4 kwa urefu, na bodi lake lina kama mita 1.9. Yaani gari lililo fupi kuliko Hilux kwa karibu mita 2 lina bodi refu kuliko dabo kebini. Dereva amekalishwa juu ya tairi za mbele, hakuna pua, na bodi ni tambarare lenye milango ya pembeni inayoshuka. Uzito haiwezi, kilo 350 ndizo zake, uzito uleule wa wale watu 5. Lakini kwa mageti mepesi, magodoro, samani, matenga ya nyanya ya sokoni, inafanya kazi ambayo dabo ya mamilioni mengi haiwezi.

Binamu yangu anayeishi Marekani aliniambia kule wanaagiza kebini na bodi kama mtu anavyoagiza suruali, kiuno mbali na urefu mbali. Ni kweli. Ford F-150 ina kebini za aina tatu na mabodi ya futi 5.5, 6.5 na 8, na chasisi inarefushwa kufuata chaguo lako, ingawa hata huko bodi la futi 8 haliendi na kebini kubwa kuliko zote. Nafasi kati ya vifuniko vya tairi ndani ya bodi imeachwa ipitishe plaiwudi ya futi 4 ikiwa imelala chini kabisa. Sisi hatuna anasa hiyo. Kwenye Hilux ya kawaida plaiwudi inakaa juu ya vifuniko vya tairi. Kwetu ukiongeza mbele umepunguza nyuma, na ndiyo maana uamuzi unataka utulivu zaidi.

Kuna mahali ambapo sitamshauri mtu singo, na hapa sina mzaha hata kidogo. Kama kila asubuhi una wafanyakazi wanne wa kupeleka shambani au saiti, chukua dabo. Singo ina viti viwili au vitatu. Waliobaki watapanda juu ya mzigo, kwa sababu sote tumekua tukiona hivyo na tumeshazoea. Utingo wetu mmoja alirushwa kutoka juu ya mbao dereva alipofunga breki kumkwepa mbwa. Haikuwa spidi kubwa. Alivunjika mfupa wa bega, akakaa miezi bila kuinua kitu, na mimi ndiye nilikwenda kumweleza mama yake. Tangu siku ile hakuna mtu anayepanda bodi la gari letu. Tunatoa nauli ya bodaboda au bajaji, na nauli hiyo imo ndani ya gharama ya kupeleka mzigo, haijadiliwi na mteja wala dereva.

Kwa hiyo mwenye wafanyakazi wengi na mzigo mfupi, kama mbegu, mbolea, pampu za kupulizia dawa, dabo ni yake, mradi mifuko mizito aisukume mpaka igusane na ukuta wa kebini. Kwa mizigo mirefu ya mara mojamoja atakodi. Mhandisi anayezunguka na wasaidizi, daktari wa mifugo mwenye sanduku la dawa, hao pia. Zile dabo nyeupe za miradi ya wafadhili, zenye namba za DFP, zilinunuliwa kwa kazi ya kubeba watu na makabrasha, na kwa kazi hiyo ni sahihi kabisa. Tatizo linaanza zinapofika mnadani na kununuliwa na mtu wa matofali.

Ile ya kebini na nusu nasikitika kwamba naiona kwa nadra. Nyuma ya dereva ina nafasi ya vifaa, jaketi za mvua, mashine ya kukatia, vitu ambavyo ukiviacha bodini vitaloa au vitaibwa, na bado una mita 1.8 ya bodi. Fundi umeme, fundi bomba, muuza vifaa vya sola, hao ningewasukumia hiyo. Vile viti vidogo vya nyuma msivihesabu. Mtu mzima akikaa humo kutoka hapa hadi Iringa atashuka magoti yamekufa.

Mimi dabo niliiuza mwaka 2022. Mnunuzi alipatikana ndani ya siku nne, mwalimu mwenye watoto watatu na shamba la parachichi, na nadhani gari limefika kwa mwenyewe. Nikanunua singo, nikaliondoa bodi la kiwandani, nikamchongesha fundi bodi la chuma tambarare, milango mitatu yote inashuka. Tangu hapo mabati yanafika yamenyooka. Mifuko 20 ikipakiwa, taa zinamulika barabara.

Gharama yake ni Jumapili. Mke wangu alinikumbusha hilo kabla sijasaini karatasi za mauzo: "Baba Neema, na sisi tutakaa wapi?" Tuko watano. Kwa mwaka mzima tulikwenda kanisani kwa bajaji, na safari ya msibani Songea tulipanda basi huku gari letu limeegeshwa uani. Iliniuma, na sitaki kuificha. Baadaye tukanunua gari dogo la zamani la familia, na hata ukijumlisha bei yake na ya singo, pesa hazijafika mbali na nilizopata kwa ile dabo.

Yule mzee wa mabati bado ni mteja wetu. Mwezi uliopita aliagiza silingibodi na mbao za futi 12 kwa ajili ya chumba cha nyuma. Alipokuja kulipa alitoka nje kwanza, akazunguka gari, akahesabu hatua za bodi kutoka ukuta wa kebini hadi mwisho, ndipo akarudi ndani kutoa pesa.