Ukifika Singapore, anza na jahazi lililoshonwa

Wageni wengi huingia Makumbusho ya Ustaarabu wa Asia, pale Empress Place kando ya Mto Singapore, wakitaka kumaliza ghorofa zote tatu kwa saa mbili. Hutoka na picha tele, ila hawakumbuki walichokiona. Ushauri wangu kwa mtu wa pwani yetu ni huu: nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa jahazi la zama za Tang, ukoo wa kifalme uliotawala China ya kale, ghorofa ya chini, ukae saa nzima. Vingine vitafuata ukibaki na nguvu.

Jahazi hilo lilizama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Mwaka 1998 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta majongoo wa bahari waliukuta mzigo wake: vyombo vya kauri takriban 60,000. Bakuli moja limeandikwa tarehe ya Kichina inayolingana na mwaka 826. Mbao za jahazi hazikupigiliwa misumari. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba, kama mitepe ya kwetu, na sehemu ya mbao hizo ni ya mti wa Afrika wa jamii moja na mbambakofi.

Watu hujazana kwenye kikombe cha dhahabu chenye pembe nane. Ni kizuri kweli, lakini mimi ningekupeleka kwenye mabakuli ya Changsha, mji wa China, vyombo vya bei nafuu vilivyojaza jahazi. Chagua moja tu, kisha uchuchumae hadi macho yawe sawa na ukingo wake. Utaona mabaka manne ya kahawia: fundi alichovya ukingo kwenye rangi mara nne, akigeuza bakuli kila mara. Katikati, chini ya ung'avu (ile ngozi kama kioo inayofunika chombo) wa rangi ya majani makavu, kuna ndege, samaki au wingu lililochorwa kwa kahawia na kijani. Sasa linganisha na la jirani yake. Ndege ni yuleyule, ila brashi imekwenda mbio zaidi na bawa limekatika. Hapo ndipo unapouona mkono wa mtu aliyechora mengi kwa haraka, na dhahabu haikuonyeshi hilo. Mabakuli mengi yalipangwa kwa mzunguko ndani ya makasiki makubwa ya kijani ili yasigongane njiani, na bila shaka ndiyo sababu yamefika kwetu mazima.

Picha nyingi huharibika kwa mng'ao wa kioo. Zima flashi, simama kwa upande kidogo badala ya kulikabili kabati, na vaa nguo ya rangi nyeusi. Chukua pia kitu cha kujifunika mabegani, maana ubaridi wa ndani hufukuza watu mapema kuliko uchovu. Ijumaa hufungwa saa tatu usiku, na jioni hiyo ndiyo nzuri kwa anayetaka utulivu.

Jambo moja lisifichwe. Mzigo huu uliopolewa na kampuni ya biashara, kisha Singapore ikaununua mwaka 2005. Wanaakiolojia wengi walilalamika kwamba uopoaji wa haraka hupoteza habari za mahali kila kitu kilipolala, na mwaka 2011 Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, iliacha mpango wa kuuonyesha. Malalamiko hayo yana haki. Hata hivyo naona ni bora mzigo ukae pamoja, mbele ya umma, kuliko kutawanywa mnadani bakuli mojamoja.

Vigae vya Changsha, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vimefukuliwa pia Manda, Shanga na Unguja Ukuu, miji ya kale ya pwani yetu. Kwa hiyo ukirudi na kukuta kigae kwenye kabati la makumbusho ya kwetu, tafuta michoro ya kahawia na kijani iliyolala chini ya ung'avu wa majani makavu, na kama ni kipande cha ukingo, lile baka la kahawia.