Injini Kimya Haijapungua Nguvu

Mashabiki wa usafiri wa anga wengi wanaamini injini isiyonguruma imepunguzwa makali. Mimi sikubali.

Kelele nzito ya injini za zamani, kama za Boeing 707 za mwanzo, haikutoka kwenye vyuma. Ilizaliwa nyuma ya injini, pale gesi moto iliyotoka kwa kasi ilipopasua hewa iliyotulia. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba nguvu ya sauti hiyo hupanda kwa kipeo cha nane cha kasi. Punguza kasi ya gesi kwa nusu, na nguvu ya sauti inabaki sehemu 1 kati ya 256. Ni nadra hesabu za uhandisi kuwa na ukarimu wa namna hiyo!

Msukumo, yaani nguvu inayoipeleka ndege mbele, je? Huo hutokana na wingi wa hewa na kasi inayoongezewa. Ukisukuma hewa nyingi taratibu badala ya hewa kidogo kwa kasi, msukumo unabaki uleule, tena mafuta yanaokolewa kwa sababu nishati inayopotelea nyuma ni ndogo. Ndiyo maana feni za injini za leo ni pana mno. Kwenye Airbus A220, ambazo Air Tanzania inazo, hewa inayopita pembeni bila kuchomwa ni takriban mara 12 ya ile inayopita katikati, na gia huiacha feni izunguke polepole kuliko mtambo unaoiendesha.

Yale meno kama ya msumeno nyuma ya injini za Boeing 787 ndiyo yanayopigwa picha na kusifiwa. Yanachanganya hewa mapema na kelele inapungua, sawa, lakini yanakula msukumo kidogo, na Airbus A350 haina. Kwangu ni kiraka tu.

Gharama halisi ni umbo. Feni pana ni nzito, ganda lake linakokota hewa, na inataka nafasi chini ya bawa. Boeing 737 MAX ilibidi injini zake zisogezwe mbele na juu.

Ndege za kivita ninazielewa: feni pana haiingii kwenye mwili mwembamba unaotakiwa kupita kasi ya sauti. Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, nayo ilikwama hapohapo. Lakini ndege kuukuu ya mizigo inayotua usiku juu ya vitanda vya watu haina udhuru huo.