Kukaza shokapu hakusaidii kwenye mawe

Hapa Arusha ukimwambia fundi kwamba pikipiki inakutesa kwenye mawe, mara nyingi ataenda moja kwa moja kwenye shokapu ya nyuma, akaze springi, abonyeze siti kwa viganja viwili, kisha akuambie, "Tayari kaka, sasa imekaa ngumu." Watu wanalipa na kuondoka wameridhika. Wakifika kwenye mawe ya upande wa Ngarenanyuki, au wakiiacha lami pale Mto wa Mbu kuelekea Engaruka na Engare Sero, usukani unawapiga viganja, kiuno kinauma, na lawama zote zinaiendea njia. Njia ni mbaya kweli. Lakini pikipiki nayo imeharibiwa zaidi, tena kwa pesa yao wenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba pikipiki inayotulia kwenye mawe ni ile iliyopimwa kwa uzito wa anayeipanda, kisha ikalainishwa hatua kwa hatua. Kazi hiyo karibu yote unaweza kuifanya nyumbani kwa tepu, spana na bisibisi bapa. Nawasikia vijana wakisema kutafuta ulaini ni mambo ya wazee. Sikubali. Mkono uliokufa ganzi haushiki breki inavyotakiwa, na gurudumu linaloruka juu ya kila jiwe haliko ardhini, kwa hiyo halikati kona wala halisimami. Mtu akianguka saa ya nne ya safari, chanzo mara nyingi ni uchovu uliojengeka tangu saa ya kwanza.

Mawe yetu yana tabia yake. Kwenye miteremko ya Meru, na kule Kibosho, Uru na Old Moshi chini ya Kilimanjaro, mvua ya masika huchota udongo wa volkano na kuacha mawe yamechomoza barabarani kama meno. Gurudumu likikutana na jiwe la namna hiyo halipandi polepole. Linapigwa ghafla, na kabla halijatulia linapigwa tena. Pikipiki za mashindano ya motokrosi hufungwa ngumu kwa sababu zinaruka hewani na kutua kwa kishindo. Sisi tunapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, mwendo wa kutembea au zaidi kidogo. Kuiga vipimo vya wanamashindano ni kujitafutia adhabu.

Anza na uzito wako. Kila springi imetengenezwa kwa kumfikiria mtu wa kilo fulani. Kampuni ya KTM, kwa mfano, katika vitabu vya mwongozo vya modeli nyingi za enduro, yaani pikipiki za mbio za porini, huandika kilo 75 hadi 85, mpanda akiwa amevaa vifaa vyake vyote. Wewe una kilo 60, au una 100 pamoja na begi la maji na vifaa mgongoni. Springi hiyo haikufikiria mwili wako, na hakuna skrubu itakayoficha jambo hilo.

Kupima ni rahisi. Weka pikipiki juu ya kreti la soda hadi gurudumu la nyuma lining'inie. Pima wima kutoka kwenye ekseli hadi alama utakayoiweka kwenye madigadi, uandike. Ishushe chini ikae yenyewe, upime tena pale pale. Kwa pikipiki ya enduro ambayo gurudumu lake la nyuma hupanda na kushuka milimita 300 hivi, tofauti iwe 30 hadi 40. Kisha vaa buti na helmeti, kaa mahali unapokaa siku zote, mwenzako mmoja ashike usukani na mwingine apime. Sasa iwe imezama milimita 100 au 105 kutoka kile kipimo cha kwanza. Kama pikipiki yako ina shokapu fupi, chukua theluthi ya mwendo wote ambao gurudumu lake la nyuma hupanda na kushuka, au pungufu kidogo, utakuwa karibu.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ile nati inayobana springi haibadilishi ugumu wa springi. Springi inabaki ile ile. Unachofanya ni kuinua pikipiki. Ukiikaza kupita kiasi, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka kwenye shimo, na kila jiwe dogo linahitaji nguvu kubwa kuianzisha shokapu. Hiyo ndiyo "ngumu" anayokusifia fundi. Jambo lingine linalowashangaza watu ni hili: ukiwa umekaa na kipimo ni sawa, lakini bila mtu pikipiki haizami hata milimita 20, springi yako ni laini mno kwa uzito wako, umeibana tu ili ikubebe. Ikizama 50 au zaidi bila mtu, springi ni ngumu mno. Kabla hujatoa hata shilingi, namba hizo mbili zinakuambia kama unahitaji springi nyingine au la.

Upepo wa tairi hauhitaji maneno mengi. Ukimwachia kijana wa kompresa atakujazia psi 30 kama za lami, na shokapu yoyote utakayofunga baada ya hapo itaonekana mbovu. Kwenye mawe mimi napendelea 14 hadi 16 kwa tairi lenye tyubu, tena tyubu nene. Chini ya hapo jiwe linabana tyubu kwenye rimu, na pancha ya porini jua la saa saba si ya kuchezea.

Tuje kwenye skrubu za shokapu, zinazodhibiti inavyobonyea na inavyorudi, kwa wale ambao pikipiki zao zinazo. Kuna ya kubonyea, mara nyingi imeandikwa COMP, na ya kurudi, utaona REB au TEN. Kabla ya kugusa chochote, funga kila moja taratibu kuelekea kulia ukihesabu kliki hadi igote, bila kulazimisha, kisha andika namba na uirudishe. Namba hizo ni njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea.

Kwa mawe, fungua ya kubonyea kliki mbili kwenye shokapu za mbele na mbili kwenye ya nyuma. Nenda kwenye kipande kifupi cha mawe unachokijua, pita, rudi, pita tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Baadhi ya shokapu za nyuma zina marekebisho mawili ya kubonyea, ya kasi ndogo na ya kasi kubwa, na watu huyasoma kana kwamba ni mwendo wa pikipiki. Kasi inayotajwa ni ya shokapu yenyewe inapobonyea. Unaweza kuwa unatambaa kilomita 10 kwa saa, jiwe kali likaipiga shokapu kwa kasi kubwa mno. Kwa hiyo ukitaka kupunguza kishindo cha mawe, fungua ya kasi kubwa, na ile ya kasi ndogo usiifungue sana, maana ndiyo inayozuia nyuma ya pikipiki kuzama ukiongeza mafuta kwenye mpando.

Na ulaini una mwisho. Ukifungua kupita kiasi shokapu inakimbilia chini, inafanya kazi kwenye sehemu yake ya mwisho ambayo kwa maumbile ni ngumu, na unaanza kusikia ngo! kila penye jiwe kubwa. Ukifika hapo rudisha kliki moja au mbili, umepata mahali pako.

Skrubu ya kurudi ndiyo inayonifanya niandike haya yote, kwa sababu kosa lake husingiziwa springi. Ikiwa imefungwa mno, shokapu inabonyea kwenye jiwe la kwanza, na kabla haijarudi inakutana na la pili, la tatu, la nne. Kila jiwe linaikuta iko chini zaidi. Baada ya mita chache umekaa juu ya shokapu iliyojikunja, haina pa kwenda, na mwili unakuambia springi ni ngumu. Mtu anakimbilia kununua springi laini, na tatizo linazidi kwa sababu springi dhaifu inarudi polepole zaidi. Ishara yake ni kwamba mawe ya mwanzo yanavumilika na yale ya mwisho wa kipande ndiyo yanaua. Ukiona hivyo, fungua ya kurudi. Ishara ya kinyume ni nyuma kukurusha juu kama inakufukuza kwenye siti. Hapo funga kliki moja, jaribu tena.

Nyingi kati ya pikipiki tunazopanda, Honda XR150L ikiwemo, hazina skrubu hizi mbele. Kwao marekebisho yapo kwenye oili. Nimeona oili ya injini, SAE 40, ikimiminwa kwenye shokapu za mbele na kusifiwa kwamba ni nzito. Uzito huo ndio ubaya wenyewe: inapita kwa shida kwenye vitundu, shokapu inachelewa kubonyea na inachelewa kurudi. Tumia oili ya shokapu ya namba iliyo kwenye kitabu, mara nyingi 10W au chini ya hapo. Ikikosekana kabisa, ATF, ile oili ya gia za otomatiki za magari, iko karibu zaidi kuliko SAE 40. Na imwagwe yote. Vumbi la huku linapita kwenye sili na kuigeuza oili kuwa uji mweusi, ilhali watu wengi huikumbuka siku sili imevuja.

Kuna kosa la mafundi wa pancha ambalo huchosha mikono kuliko springi yoyote. Wakirudisha gurudumu la mbele wanapitisha ekseli, wanakaza nati, na hapo hapo wanakaza zile bolti ndogo zinazobana ekseli chini ya mguu wa shokapu. Miguu miwili inabaki haiko sambamba, mabomba yanasuguana, shokapu inakwama kila inapoanza kubonyea. Wewe fanya hivi: kaza nati ya ekseli, bolti ndogo ziache zimelegea. Shusha pikipiki kwenye kreti, shika breki ya mbele, bonyeza usukani kwa nguvu mara kadhaa hadi usikie shokapu inateleza bila kusita. Ndipo uzikaze. Ni kazi ya dakika mbili, na simama juu ya fundi mpaka aifanye.

Bodaboda wa milimani nao wanahusika. Wengi wamepandisha ringi ya shokapu za nyuma hadi ngazi ya mwisho kwa ajili ya mishkaki na magunia, na wanaiacha hapo hata wanapobeba mama mjamzito mmoja kushuka naye kutoka Kibosho. Ringi hiyo inazungushwa kwa spana ya ndoano. Ishushwe ngazi mbili mzigo ukiwa mdogo. Abiria huyo anastahili hivyo.

Ninachokitaka kwa wauza vipuri wa Arusha na Moshi ni springi zinazouzwa kwa kilo za mpanda, mbele na nyuma, na ugumu wake umeandikwa waziwazi. Shokapu kamili za bei kubwa zinaagizwa bila shida, lakini mtu wa kilo 60 akiulizia springi ya uzito wake anaambiwa aagize nje na asubiri. Springi ni bei ndogo mno ukilinganisha na shokapu nzima, na wanaoihitaji ni wengi. Nenda dukani ukiwa na zile namba mbili ulizopima, uiulizie.