Risasi haimalizi kichaa cha mbwa

Nimesoma makala inayosema halmashauri itapiga risasi mbwa wote wazururaji ili kumaliza kichaa cha mbwa. Hesabu hiyo haikubali. Ukiwaua wa mtaa huu na jalala likabaki wazi, haupiti muda wengine wanahamia, tena wasio na chanjo. Na risasi haichagui: inaondoa hata waliochanjwa, ambao ndio ukuta wenu dhidi ya ugonjwa.

Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa kila kijiji, kila mwaka. Dozi ni mililita 1: unavuta ngozi ya shingoni inyanyuke kama hema, sindano inaingia chini yake. Chanjo ikae kwenye baridi ya nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikilazwa moja kwa moja juu ya barafu ikaganda, itupeni. Kampeni nyingi za chanjo hazifikii asilimia hiyo kwa sababu watu huacha vijibwa nyumbani wakidhani bado wadogo. Waleteni, hata wa chini ya miezi 3.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.